Jumamosi Usishukie Champs-Élysées

Dada yangu wa Uyole, Mbeya, ana viza mkononi ya kuja kunitembelea huku Paris, lakini tiketi hajakata. Kisa ni video. Kuna mtu kwenye grupu la ukoo alirusha gari linawaka moto mbele ya polisi wenye ngao, akaandika "Paris hivi sasa", na tangu hapo simu haziishi: "Mdogo wangu, rudi nyumbani, hivyo vita vitakumaliza." Video yenyewe ni ya Desemba 2018. Nimeitambua kwa zile reflekta za njano, kama wanazovaa bodaboda wa Mafiati.

Waandamanaji wale wa reflekta za njano walianza tarehe 17 Novemba 2018, wakipinga kodi ya mafuta. Sheria ya Ufaransa inamtaka kila dereva awe na reflekta garini, kwa hiyo sare walikuwa nayo tayari, bila fundi wala mchango. Wakawa wanatoka kila Jumamosi. Tarehe 8 Desemba serikali ilimwaga askari 89,000 nchi nzima, 8,000 kati yao Paris. Mnara wa Eiffel na makumbusho ya Louvre vikafungwa. Ijumaa jioni wenye maduka ya Champs-Élysées, ile barabara kuu ya fahari ya Paris, walikuwa wanapigilia mbao kwenye vioo. Kesho yake metro ikapita stesheni za maeneo yale bila kusimama: taa zinawaka, matangazo ya manukato yamejaa ukutani, abiria wa kupanda hata mmoja hayupo. Ndani ya behewa watu wameinamia simu zao. Mtaani kwetu, kusini kabisa, soko lilikuwa limefurika na watu wanabishania bei ya jibini.

Hapo ndipo dada hanielewi. Novemba 2011, polisi na machinga walipokabana Mwanjelwa, yeye alijua atokee kichochoro gani na abishe hodi kwa nani. Ugenini huna kichochoro wala shangazi. Ila unaweza kuwa na ratiba, na Ufaransa ratiba ipo: waandamanaji wanatakiwa kutoa taarifa kwa mamlaka angalau siku tatu kabla, na njia watakayopita waitaje. Mfanyakazi wa treni anayetaka kugoma naye husema saa 48 kabla, ndiyo maana jioni ya kuamkia mgomo unajua treni zipi zitatembea. Kusema kweli, mgomo ndio utakaomtesa dada kuliko moto. Kukaa na mabegi uwanja wa ndege wa Charles de Gaulle ukisubiri treni ya mjini, RER B, iliyopunguziwa safari, na magoti yale, si mchezo.

Yapo machafuko yasiyo na taarifa. Tarehe 27 Juni 2023 polisi alimpiga risasi kijana wa miaka 17, Nahel, pale Nanterre, pembeni ya Paris, na usiku uleule vitongoji vikawaka. Havikuwaka penye watalii; viliwaka huku tunakoishi sisi. Baada ya siku mbili mabasi na tramu za mkoa wa Paris zikaamriwa kusimama saa tatu usiku. Watalii walikuwa hotelini wanakula. Sisi wa usafi wa maofisi, ambao zamu inaisha saa nne, tukarudi kwa miguu, tumeshikana makundi makundi, kila mtu na kibali chake cha kuishi mfuko wa mbele.

Kibali, narudia. Moshi wa mabomu ya machozi unaosha kwa maji mengi (usisugue macho), unapita. Kukutwa pembeni ya vurugu huna karatasi ni habari nyingine, maana askari hana muda wa kukuuliza kama ulikuja kuchungulia tu. Na sisi watu wa Mbeya kwa kuchungulia, mwe!

Wanaokwenda Bondeni, Afrika Kusini, kwa kupitia Tunduma haya wasiyachukue yalivyo. Julai 2021, rais wao wa zamani Zuma alipofungwa, malori yalichomwa barabara ya N3 pale Mooi River, na waliokufa KwaZulu-Natal na Gauteng walizidi 300. Kabla ya hapo, Mei 2008, zaidi ya watu 60 waliuawa katika fujo zilizolenga wageni. Ufaransa mwandamanaji ana ugomvi na serikali yake, wewe anakupita. Bondeni kuna siku anayetafutwa ni wewe. Huko usisubiri ratiba. Ukisikia maneno yanaanza mtaani, hamia kwa mwenzako wa mbali mapema.

Dada nimemwambia akate ya kutua katikati ya wiki, mchana. Bima ya safari anayo, kwa sababu viza yake, ile ya Schengen inayotumika nchi nyingi za Ulaya, haitolewi bila bima ya angalau euro 30,000, ila nyingi hazimlipi aliyejiingiza kwenye fujo mwenyewe. Ndege ya kurudi ikifutwa, kanuni ya Ulaya namba 261 ya mwaka 2004 inalibana shirika limpe chakula, hoteli na ndege nyingine au hela ya tiketi, hata kama kilichofuta safari ni machafuko. Fidia ya juu ya hapo ndiyo asiitegemee. Na viza ikikaribia kuisha uwanja ukiwa umefungwa, tutakwenda ofisi ya serikali ya eneo letu (préfecture) kabla ya tarehe na ushahidi mkononi, wataiongeza bure. Amenijibu kwa ujumbe wa sauti, mrefu, nusu yake Kinyakyusa: anataka kujua Jumanne ipi.