Unyoya mdomoni mwa kichanga

Kazi ya ukunga nimeifanya hapa Bagamoyo mpaka kustaafu, na watoto nimewabatiza. Kichanga akihema kwa shida na padri yuko mbali, Kanisa Katoliki linamruhusu mtu yeyote, hata asiye Mkristo, kummwagia maji na kutamka: "Nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu." Waliozaliwa wamekufa ndio walionishinda, maana maiti haibatizwi. Mama zao walinishika mkono: "Mama, mwanangu yuko wapi sasa?"

Jibu la kale lilikuwa kali. Mtakatifu Augustino, aliyefariki mwaka 430, alifundisha kwamba mtoto asiyebatizwa anahukumiwa, japo kwa adhabu nyepesi kuliko zote. Wanateolojia wa Zama za Kati wakalilegeza: yuko mahali paitwapo limbo, hateseki, ila yeye hamwoni Mungu. Mapadri wa Roho Mtakatifu walipofungua misheni yetu mwaka 1868 walikuja na mafundisho hayo, na bibi yangu alizeeka nayo.

Lakini wazazi walikataa, na hapo ndipo ninapoguswa. Oberbüren, Uswisi, katika karne ya 15, watu walibeba maiti za vichanga hadi kanisa la Bikira Maria. Mtoto alipashwa joto kwa makaa na mishumaa, akawekewa unyoya mdomoni. Ukitikisika, basi amepumua: abatizwe upesi, azikwe kwenye ardhi iliyobarikiwa. Wanaakiolojia walipochimba pale miaka ya 1990 walikuta mifupa ya vichanga wapatao 250, wengine hata miezi ya mimba hawakutimiza. Najua hewa ya moto ndiyo iliyoutikisa unyoya. Ningekuwa mkunga wa pale, ningesema umetikisika.

Roma ilikataza desturi hiyo mwaka 1729. Ufaransa iliendelea hata baadaye.

Jirani yangu Mwislamu alipofiwa na mtoto wake mchanga, wenzake walimwambia huyo hana dhambi, yuko peponi, atawaombea wazazi wake. Nilimwonea wivu kwa faraja ile. Kumbe na sisi tunayo: Katekisimu ya 1992, kitabu cha mafundisho ya Kanisa, inawakabidhi watoto hawa kwa huruma ya Mungu, na mwaka 2007 tume ya wanateolojia ya Vatikano ikaeleza kwamba yapo matumaini ya wokovu wao. Tena sheria ya Kanisa ya 1983 inamwezesha askofu kuruhusu maziko ya Kikanisa kwa mtoto ambaye wazazi walikusudia kumbatiza.

Akina mama wengi hawajaambiwa. Binti yangu, likikufika, nenda parokiani ukaombe ibada ya maziko. Na nyie mapadri, litajeni jambo hili Jumapili, wakiwepo na akina baba.