Siku Moja ya Mchoraji wa Rangi za Maji

Saa kumi na mbili asubuhi ninailowesha karatasi ya pamba, kisha ninaitandaza juu ya ubao na kubandika kingo zake zote kwa utepe wa gundi, kwa kuwa karatasi ikilowa hutanuka na ikikauka hukaza kama ngoma.

Saa tatu imeshakauka. Ninachora mawingu na milima kwa penseli, kwa mkono mwepesi, huku nikiamua ni wapi brashi haitapita kabisa. Rangi hizi hupitisha mwanga: mwanga hupenya tabaka jembamba la rangi, ukafika kwenye karatasi na kurudi machoni, hivyo weupe wa wingu ni karatasi yenyewe. Wapo wanaotumia nyeupe ya zinki, ambayo watengenezaji wa rangi Winsor & Newton walianza kuiuza mwaka 1834; mimi naiona nzito mno.

Saa nne ninainamisha ubao kidogo na kupaka anga kwa brashi nene. Chembechembe za bluu ya ultramarini hutuama kwenye vishimo vya karatasi na kuacha madoadoa ambayo mkono hauwezi kuyaiga. Baada ya hapo sigusi kitu, kwani brashi yenye maji ikigusa rangi iliyokauka nusu, maji husukuma rangi pembeni na kuacha ukingo wenye mapindo. Ninaitazama karatasi kwa upande mpaka ung'avu wa maji upotee wote.

Wakati huo wa kungoja ninasaga rangi ya unga pamoja na utomvu wa mgunga, unaoishikisha kwenye karatasi. Maji hukauka yakatoweka, ingawa ndiyo yaliyoipa sanaa hii jina: Wafaransa huiita aquarelle, kutokana na acquerello ya Kiitaliano, ambayo asili yake ni aqua ya Kilatini.

Saa nane ninapaka bluu juu ya manjano iliyokwisha kukauka, na milima inakuwa kijani. Saa kumi ninamalizia vivuli vizito.

Jioni ninakata utepe na kuihifadhi picha mbali na jua. Nyekundu ya alizarini hupauka kwa mwanga, ndiyo maana nimeiacha. Hata sungura mchanga aliyechorwa na Albrecht Dürer mwaka 1502, picha iliyo katika jumba la Albertina mjini Vienna, huonyeshwa kwa nadra kwa sababu ya kuogopa mwanga.