Nani amekuonyesha?

Tangu Jumapili nina maneno ya Baba Mdogo kichwani, hayatoki. Nani amekuonyesha? Nayasikia nikisonga posho, nayasikia nyuma ya boda, na jana yalinijia katikati ya kikao mpaka bosi akarudia swali lake.

Sherehe ya utambulisho wa mdogo wangu, ile ya kabla ya ndoa, ilikwisha salama, ng'ombe wamepokelewa, wageni wamekula na kufungiwa, Mama kalala kutwa nzima ya siku iliyofuata. Picha wanazo binamu zangu. Mimi nina ya chumba cha nyuma.

Baba Mdogo ndiye aliyekuwa msemaji wetu, alitoka Tororo kwa ajili hiyo. Wageni walipoondoka akavua koti, akauliza "ile kitu yako" iko wapi, maana Mama alishamwambia kwamba nina kompyuta isiyo na kioo. Nikampeleka. Moyo ulikuwa unanidunda, sitaficha. Huyu mzee alifanya kazi posta na simu pamoja na marehemu Baba, tangu kabla Jumuiya haijavunjika 1977. Katika ukoo mzima, kama kuna mtu mmoja niliyetaka aione Z80 yangu, chipu inayoiendesha kompyuta hiyo, ikihesabu, ni yeye.

Na inahesabu vizuri. Kumbukumbu bado sijaweka. Nyaya 8 za data nimezishusha zote kwenye sifuri kwa rizista, na sifuri tupu kwa Z80 ni amri, NOP, yaani usifanye kitu. Basi inasoma sifuri, haifanyi kitu, inasogea anwani ya pili, yaani namba ya mahali pa kusoma, inasoma sifuri tena. Taa 16 za LED kwenye nyaya za anwani zinaonyesha ilipofika. Chipu ndogo ya 555 inaipigia mapigo kama 40 kwa sekunde, na NOP moja inakula mapigo 4, kwa hiyo inapita anwani kama 10 kila sekunde. Kuzimaliza zote 65,536 ni karibu saa mbili. Niliiacha izimalize huku napika, nikawa narudi kuchungulia.

Nilikuwa nimejiandaa kumwonyesha taa ya nane. Hesabu ikifika 128, taa hiyo haitulii, inapepesa. Sababu yake naipenda kuliko kitu chochote kwenye ule ubao: mapigo mawili ya mwanzo ya kila NOP, Z80 inatoa anwani inayosoma, mawili ya mwisho inatoa, kwenye nyaya zilezile, anwani ya kuhuisha kumbukumbu za aina ya DRAM, zile zinazosahau zisipoguswa. Hesabu hiyo ya kuhuisha ina biti 7 tu, mwisho wake 127, taa ya nane haiigusi. Kwa hiyo taa ya nane inawaka, inazima, inawaka, inazima. DRAM mimi sina hata moja, lakini chipu inaendelea kuzihudumia.

Nikabonyeza kitufe cha kuanza upya, taa zote zikazima, zikaanza kupanda kutoka sifuri. Baba Mdogo akavaa miwani. Taa hakuziangalia. Aliinama, akainua ukingo wa ubao kwa kidole kimoja, akatazama nyuma, kule nyaya zinakopita.

"Nani amekuonyesha?"

"Nimesoma mwenyewe, Baba Mdogo. Karatasi za kiwanda zipo, kila pini imeelezwa."

"Aa, mama. Nakuuliza nani amekuonyesha."

"Hakuna."

Akanyamaza. Akaushusha ubao taratibu, akasema chai yake itapoa, akatoka. Asubuhi akapanda basi.

Siku tatu nzima niliyatafuna hayo kwa hasira. Hilo swali nalijua. Kazini nikirekebisha printa, watu wanauliza fundi alikuja saa ngapi. Nikawa najibu upya, usiku, kwa sauti. Mara namwambia: Federico Faggin na Masatoshi Shima ndio walionionyesha, walitengeneza chipu ya 8080 wakiwa kampuni ya Intel, wakaenda kampuni ya Zilog wakaitoa Z80 mwaka 1976, ndiyo maana inaelewa amri za 8080. Mara namwambia kwamba Zilog wenyewe walitangaza 2024 kuwa wanafunga oda za hii chipu, na mimi ndiyo kwanza naianza. Mara nanyamaza tu na kumtazama, ajisikie. Majibu yote mazuri, na yote yamechelewa.

Juzi usiku nikaona basi, niendelee na kazi. Nilikuwa naandaa nyaya za kwenda kwenye EPROM, chipu ya kumbukumbu itakayoshika programu, nikazikusanya fungu moja na kuanza kulifunga kwa uzi wa nta, kama nilivyofunga yale mengine ya nyuma. Uzi unapita chini ya fungu, unazunguka mara mbili, unapenya katikati, unavuta mpaka ukwame, fundo. Upana wa vidole viwili, fundo lingine. Mikono ilikuwa inakwenda yenyewe, mimi bado nagombana na Baba Mdogo kichwani.

Kisha nikaona mafundo yote yamelala upande wa kushoto.

Mimi natumia mkono wa kulia. Baba alikuwa wa kushoto. Hakuna karatasi ya Zilog inayofundisha kufunga nyaya. Haya nilishikishwa barazani kule Walukuba, mtaa wa hapa Jinja, nikiwa mdogo wa kushika fungu la miwa lisifumuke huku Baba akilifunga kwa uzi aliorudi nao kazini. Alifunga kila kitu hivyo, miwa, kuni, mguu wa kiti. Na hivyo ndivyo walivyokuwa wakifunga nyaya za simu, yeye na mdogo wake, fremu kwa fremu.

Niliacha kila kitu mezani nikasimama. Nilikuwa na furaha ambayo sikujua niipeleke wapi saa tano za usiku, wote wamelala.

Baba Mdogo si mtu wa kupigiwa simu ukamuuliza ulimaanisha nini. Nikapiga picha mafundo tu, bila taa, bila chipu, nikamtumia mjukuu wake kwenye WhatsApp nikasema amwonyeshe babu. Sikuandika neno lingine. Jibu limekuja leo mchana: "Babu anasema mwisho wa uzi unaukata mfupi sana. Acha kipande."

Nimefungua fungu zima, nimelifunga upya, nimeacha kipande.

Ninalolala nalo sasa ni mfenesi. Tangu ile mvua ya Jumatatu umeinama zaidi upande wa mabati ya jirani, na mizizi ya upande wa huku imeanza kuinua udongo. Mwenye msumeno wa injini anataka hela yote kwanza, na hela yote ilikwenda kwenye hema na viti vya wageni. Mwenye kumjua mkata miti hapa Jinja anayekubali nusu aniambie, hata usiku.