Jezi Namba 7

Tangu Jumanne maneno ya mpwa wangu yamenikwama kooni kama mwiba wa samaki. Nilimpitia kibandani kwake, sokoni Memorial, nikamkuta ndiyo kwanza amefungua belo, na ndani yake mkatoka jezi nyekundu ya mpira wa Kimarekani, namba 7, yenye jina la Kaepernick mgongoni. Akaikung'uta, akaitundika mbele kabisa.

Nami, kwa ile tabia yangu ya ualimu mnayoijua, nikaanza kuhutubu. Nikasema nilimheshimu mchezaji huyu alipopiga goti wakati wa wimbo wa taifa mwaka 2016, kupinga ukatili wa polisi dhidi ya watu weusi. Lakini Nike, kampuni ya viatu vya michezo, walipomtia kwenye tangazo lao mwaka 2018, wenye hasira wakachoma viatu vyao vya Nike, kisha mwaka uliofuata vikauzwa viatu vyenye sura yake kisiginoni, nikaona goti lile limetiwa bei.

"Mjomba, si walimfungia milango? Tangu 2017 hakuna timu iliyomsajili."

"Ni kweli, na kabla ya tangazo alikwisha toa dola milioni 1 kwa mashirika ya kijamii."

"Basi mtaji umerudi." Akacheka, mikono ikiendelea kuchambua fulana. "Wewe unasema bure kwa sababu hajaja mtu na bei."

Hajaja mtu na bei! Nimeyarudia maneno hayo darasani, ndani ya daladala, hata Alhamisi tulipopokea posa ya binti wa Dada, na kila mara nimetunga jibu kali zaidi la kumpelekea.

Jana usiku, nikitafuta risiti ya maji kwenye mtoto wa meza, nikaishika bahasha ya kaki. Ni ile ya semina ya Februari, ambako niliwasema vikali wanaochelewesha malimbikizo ya walimu, nikapigiwa makofi, kisha nikatia saini kwenye karatasi ya posho na kupokea shilingi 80,000. Aliyetumwa na fedha hizo kujaza mtungi wa gesi ni mpwa wangu huyo huyo, na bahasha aliirudisha yeye, ikiwa na chenji. Kumbe alijua. Alipokuwa akiniambia hajaja mtu na bei, alikuwa akinisitiri mbele ya wateja wake.

Nilicheka peke yangu, majibu yangu yote yakaniishia. Naamini maneno ya semina ningeyasema hata bila posho, ila sina cha kuthibitishia. Kaepernick anacho, kwa kuwa goti lilitangulia tangazo kwa miaka miwili, na kazi ilikwisha potea katikati. Jezi imeuzwa jana kwa kijana aliyependa rangi tu.