Kikompyuta cha mtumba na pini ya katikati ya chaja

Umeme ndio ulionifikisha hapa. Nyumbani kwetu Dar tuko kwenye tarifu ya watumiaji wadogo: uniti 75 kwa mwezi, shilingi 100 kila uniti, ukivuka bei inaruka zaidi ya mara tatu. Seva yangu ya kwanza, yaani kompyuta ya nyumbani inayokaa imewashwa muda wote kutunza picha na masomo, ilikuwa CPU kubwa ya kusimama. Kipimo cha plagi kilisoma wati 70 ikiwa imekaa tu, haina kazi. Usiku na mchana hizo ni uniti 50 kwa mwezi, na friji bado hujaihesabu. LUKU ikawa inaisha kabla ya tarehe 20. Mama Salma akaniuliza, "Baba Salma, hilo dude linakula nini?" Nikalizima siku hiyohiyo.

Nikaenda Kariakoo kutafuta vile vikompyuta vinavyotoka maofisini Ulaya, vyenye unene wa kitabu: OptiPlex Micro ya Dell, EliteDesk Mini ya HP, Tiny ya Lenovo. Nikachukua OptiPlex 3050 yenye prosesa ya i5-6500T, laki tatu kasoro kidogo. Hiyo herufi T mwishoni iangalie sana, ndiyo ya prosesa zisizolafua umeme. Chaja muuzaji aliichomoa kwenye boksi la chaja mchanganyiko, nami nikaipokea bila kuitazama.

Nikaweka Debian, mfumo endeshi wa bure, nikachomoa skrini na kibodi, nikakiweka nyuma ya ruta. Kikawa kizito ajabu. Picha za simu zilipanda moja moja kama maji ya bomba la mgao. Nikauliza watu. Wa kwanza akasema RAM, ile kumbukumbu ya kufanyia kazi, ni ndogo, nikaongeza. Wa pili akasema ni diski. Nikanunua SSD, diski ya kasi, nikaanza upya kuweka kila kitu. Wa tatu, tena fundi, akasema vitu vya mtumba ndivyo vilivyo, prosesa imechoka. Hilo linaniudhi mpaka leo. Prosesa si tairi la bodaboda.

Usiku mmoja nikaamua kutazama kasi yenyewe ya prosesa. Megahezi 800. Nikaielemea kwa kazi nzito: 800 vilevile, wakati kasi yake ya kawaida ni 2,500. Nikakibeba kikompyuta mpaka sebuleni, nikakichomeka kwenye TV, nikakiwasha upya. Kabla Debian haijaanza, ukatokea ujumbe: aina ya chaja haitambuliki, kompyuta itapunguza kasi. Ulikuwa unatokea kila kinapowashwa, na sikuwahi kuuona kwa kuwa sikuwa na skrini!

Chaja za Dell zina pini nyembamba katikati ya kichwa. Umeme wa kuendesha mashine haupiti hapo. Hapo panapita utambulisho, kuiambia kompyuta kwamba hii ni chaja ya wati kadhaa. Nikamulika kwa tochi ya simu. Pini ilikuwa imelala ubavuni kabisa. Nikachomoa chaja ukutani, nikachukua sindano ya kushonea ya Mama Salma, nikaiinua pini taratibu, nusu milimita kwa nusu milimita, nikihofia isikatike. Nikachomeka. Ujumbe haukuja. Megahezi zikapita 2,500, na picha zilizokwama wiki nzima zikaisha kabla sijamaliza chai. Baadaye nilinunua chaja nyingine, kama elfu thelathini. Kwa hiyo ukinunua, chungulia kichwa cha chaja palepale dukani.

Kwenye BIOS, ile mipangilio ya kompyuta inayofunguka kabla ya Debian, kuna kipengele kinaitwa AC Recovery. Kiweke Power On, umeme ukirudi kiwake chenyewe. Changu kiligoma hata baada ya hapo, na saa ikawa inarudi nyuma miaka. Ilikuwa betri ya CR2032, ile bapa kama sarafu inayotunza saa na mipangilio umeme ukikatika, imekufa. Mpya haifiki bei ya soda tatu.

Sasa kinakula wati 9 kikiwa kimetulia, yaani uniti sita na nusu kwa mwezi. Kina picha zote za familia, na nakala yake ipo kwenye diski ya nje ambayo naifungia kabatini. Kina pia masomo ya Kolibri, programu ya kujifunzia bila intaneti, ambayo Salma anayafungua kwa waifai ya ndani bila bando. Juzi umeme ulikatika saa mbili usiku, ukarudi alfajiri. Nilipoamka, Salma alikuwa ameshika tableti, anaendelea na somo pale alipoishia jana yake.