Misheni ya Wanavajo ikifungwa, msiulize bei ya kiwanja

Ikidokezwa tu kwenye kundi la WhatsApp kwamba kuna misheni ndogo inafungwa huku kwa Wanavajo, wenyeji wa asili wa Marekani, jibu kutoka nyumbani halichelewi: si muuze kiwanja mgawane? Inakera, kwa sababu wanaouliza hawatanii. Kanisa, nyumba ya mchungaji, kisima na eneo la kuzunguka kwa mguu asubuhi nzima, tena Marekani! Kwa hesabu za Kibaha au Kitengela, mtu anaona mamilioni.

Mtanzania ndiye alipaswa kuelewa upesi, maana kwetu ardhi ni ya umma na Rais ni mdhamini. Hapa mdhamini ni serikali ya shirikisho, na wenyewe ni taifa la Wanavajo. Eneo lao linapita kilomita za mraba 70,000 katika Arizona, New Mexico na Utah. Rwanda na Burundi ukiziunganisha hazifiki. Mnavajo mwenyewe akitaka kujenga hapewi hati, anapewa mkataba wa ekari moja kwa miaka 75. Misheni kongwe zilimilikishwa ardhi kwa sheria ya shirikisho ya mwanzoni mwa karne ya 20, isiyozidi ekari 160 kwa kituo, na sharti limo humohumo: ikikoma kutumika kwa dini au shule, inarudi kwa wenyewe. Nyingine zina vibali vya matumizi tu. Kwa hiyo kabla ya kutangaza chochote, itafutwe karatasi ya awali, isomwe neno kwa neno. Nyaraka za kuezeka bati jipya zitapatikana haraka. Ile ya mipaka ndiyo husumbua.

Hakuna cha kugawana, ila bili zipo. Jengo la kabla ya 1978 lichukulie lina rangi yenye madini ya risasi mpaka lipimwe. Vigae vya sakafu na vifuniko vya kuhifadhi joto vya mabomba ya zamani huwa na asbesto, na huruhusiwi kubomoa kabla ya mkaguzi kupita. Tangi la maji taka linyonywe. Kisima kisichotumika kizibwe na fundi mwenye leseni. Bima nazo nyingi hupunguza ulinzi jengo likikaa tupu siku 60 mfululizo: likivunjwa vioo au bomba likapasuka, ni juu yenu.

Na bomba litapasuka. Window Rock, makao makuu ya Wanavajo, iko kama mita 2,000 juu ya bahari, na usiku wa Januari maji huganda ndani ya ukuta. Barafu huchukua nafasi zaidi ya maji kwa karibu asilimia 9, shaba haistahimili. Jengo linalongoja kukabidhiwa hufungwa hivi: zima pampu ya kisima kwenye swichi kuu, zima hita ya maji kabla ya kuimwaga (hita ya umeme ikiwaka tupu inaungua), fungua bomba la juu kabisa na la chini kabisa, kisha pitisha upepo wa kompresa, bomba moja moja, presha isizidi paundi 50 kwa inchi ya mraba. Vuta maji ya choo, kausha tangi lake kwa sifongo. Mwisho mimina vikombe viwili vya dawa ya waridi ya kuzuia kuganda kwenye kila kona ya bomba chini ya sinki. Usitumie ile ya gari, ni sumu. Wengi huruka hatua hii ya mwisho. Kona zikikauka, hewa ya choo inajaa kanisani, na watakaolipokea jengo mwezi wa nne wanalikuta linanuka.

Ila kabla hujafunga maji, tazama nani anayateka. Karibu theluthi moja ya nyumba za Wanavajo hazina maji ya bomba. Ndiyo, Marekani hiihii. Watu huja na pikapu wakiwa na tangi la galoni 275 nyuma. Likijaa ni zaidi ya tani moja, ndiyo maana unaona springi zimelala na matairi yamechoka upande. Visima vya mifugo vilivyo karibu vinaweza kuwa na urani au aseniki, kwa kuwa migodi ya urani iliyotelekezwa huku inazidi 500. Basi koki ya nje ya misheni ina wateja kuliko ibada ya Jumapili, na kufungwa kwake kutauma kuliko kunyamaza kwa kengele. Izungumzwe na chapta, ambayo ni kama serikali ya kata, ziko 110. Tangazo lisomwe kwenye mkutano wa chapta kwa Kinavajo, na redioni KTNN 660 ambayo wazee huisikiliza. Andika "saa za Navajo", maana wao hubadili saa kiangazi na Arizona nyingine haibadili. Usipoandika, wageni wa Phoenix, mji mkuu wa Arizona, watafika watu wakiosha sufuria za mchuzi wa kondoo.

Lililo nyeti kuliko yote liko kabatini: madaftari ya ubatizo, ndoa na mazishi. Wazee wengi walizaliwa kwenye hooghan, nyumba ya asili, bila hospitali wala cheti. Uanachama wa taifa unataka angalau robo ya damu ya Kinavajo, na mstari mmoja wa wino wa padri unaweza kuwa ushahidi pekee wa mama ni nani. Kikatoliki, madaftari huenda ofisi ya askofu. Kipresbiteri, yanaweza kuishia hifadhi ya kanisa Philadelphia, halafu bibi wa Chinle, huku kwa Wanavajo, aanze kuandika barua huko! Piga picha kila ukurasa kabla ya kufunga boksi. Tengeneza faharasa yenye ukoo wa mama na namba ya sensa (ya kuandikishwa kwenye taifa), kwa kuwa jina moja la Kinavajo huandikwa tahajia nne na mapadri wanne. Usiyaweke hadharani, pembeni kuna maandishi ya siri za nyumba za watu.

Makaburi yanakuja hapohapo. Kwa mila ya Wanavajo maiti haiguswi ovyo, na mmishenari mara nyingi ndiye aliyeombwa kuzika. Misalaba ya mbao imeoza. Chora ramani mstari kwa mstari ukiwa na mzee anayekumbuka, kabla trekta la mtu halijapita.

Msidhani Ukristo umekwisha huku. Mkataba wa 1868 na serikali ya Marekani, uliowarudisha nyumbani kutoka kifungoni Bosque Redondo, ulilazimisha watoto wa miaka 6 hadi 16 kwenda shule, na mwaka huohuo mapadri wa Roho Mtakatifu walianza Bagamoyo. Wafransisko walifika St. Michaels 1898, Wapresbiteri Ganado 1901. Leo Wanavajo wana wachungaji wao na mahema ya mikutano, na Biblia nzima ya Kinavajo tangu 1985. Kinachokufa ni kituo cha kulishwa na wafadhili wa mbali, ambao nao wamezeeka.

Sasa wewe uliyeahidiwa nafasi kwenye misheni ya namna hii. Viza ya R-1, ya watumishi wa dini, imefungwa kwa mwajiri mmoja, kikomo miaka 5. Ajira ikikoma, mwajiri ana siku 14 za kuarifu uhamiaji, na zile siku 60 za kupumua wanazopewa wataalamu wa viza ya H-1B kazi ikikoma hazimo kwenye R. Mwajiri mpya lazima aombe na akubaliwe kwanza ndipo uanze kazi. Makanisa hayalazimiki kuchangia bima ya kukosa ajira, kwa hiyo usitegemee posho. Mchungaji aliyekwisha kuwa mkazi kwa kodi hujilipia mwenyewe asilimia 15.3 ya hifadhi ya jamii, na nyumba ya bure inaingia kwenye hesabu hiyo. Kabla ya kusaini, omba hesabu za miaka mitatu, uulize sehemu gani inatoka kwa waumini wa hapo na sehemu gani ni mfadhili mmoja wa Ohio. Uliza pia umri wa paa.