Nguo ya kushonesha: rekodi za Ursula Oppens

Katika kwaya nyingi za huku Mtwara, mpiga kinanda ni mtu wa kupewa. Anapewa wimbo, anapewa ufunguo wa kuuimbia, na mara nyingi anapewa kinanda chenyewe, ambacho chumvi ya bahari imekwisha kula nota mbili tatu. Nimepiga kinanda kanisani kwa mtindo huo kwa miaka mingi, na sikuwahi kufikiri kwamba mpigaji anaweza kuwa ndiye sababu ya utunzi kuwepo, hadi nilipoanza kusikiliza rekodi za Ursula Oppens, mpiga piano wa Kimarekani aliyezaliwa New York mwaka 1944.

Wapiga piano wengi wakubwa hurekodi kazi za watunzi waliokufa zamani, na hakuna ubaya katika hilo. Beethoven ni kama koti zuri la mtumba: limeshonwa kwa ajili ya mtu mwingine, nawe unalivaa na kulizoea mpaka likukae. Oppens naye amelivaa koti hilo, lakini jambo lililomtofautisha ni kwamba alikwenda kwa mafundi wa wakati wake, watu hai, akawaambia wampime na kumshonea. Ndiyo maana ninaposikiliza rekodi zake ninasikia kazi zilizokatwa kwa vipimo vya vidole vyake.

Maarufu kuliko zote ni ile ya Frederic Rzewski, mtunzi ambaye jina lake lilinisumbua kulitamka kwa muda mrefu. Oppens alikuwa akitafuta utunzi wa kuuweka katika onyesho moja na mageuzo 33 ya Beethoven (yaani wimbo mmoja ukirudiwa kila mara kwa sura mpya) juu ya wimbo wa mtunzi Diabelli, na Marekani ilikuwa ikijiandaa kusherehekea miaka 200 tangu ijitangazie uhuru. Rzewski akachukua wimbo wa Chile wa mwaka 1973, uliotungwa na Sergio Ortega pamoja na kikundi cha Quilapayún, ambao maneno yake husema kwamba wananchi walioungana hawatashindwa kamwe. Mwezi Septemba mwaka huohuo jeshi lilikuwa limeipindua serikali ya Salvador Allende. Juu ya wimbo huo mtunzi akaandika mageuzo 36 mwaka 1975, na Oppens akayapiga hadharani kwa mara ya kwanza jijini Washington mwezi Februari 1976.

Mara ya kwanza niliifungua rekodi hiyo kwa spika ya simu, nimekaa barazani Shangani jioni, upepo wa bahari ukivuma. Wimbo wenyewe ulitoka vizuri: nota za mwanzo hupigwa kwa nguvu, mikono miwili ikienda pamoja, na hata asiyejua Kihispania hutambua kuwa huo ni wimbo wa watu wanaoandamana. Lakini geuzo la kwanza lilipoanza nilidhani faili limeharibika. Nota moja ilisikika juu kabisa, kisha kimya, kisha nota ya katikati, kisha kimya tena, kama mtoto aliyeng'oka meno ya mbele akijaribu kusoma kwa sauti. Kesho yake nilisikiliza kwa hedifoni za kufunika masikio, na mapengo yote yakajaa. Katika geuzo hilo wimbo umetawanywa piano nzima, nota moja huku na nyingine kule, na zile za chini kabisa spika ndogo ya simu haina uwezo wa kuzitoa. Nilikuwa nimesikia nusu ya kila sentensi.

Mageuzo hayo yamepangwa katika makundi sita ya sita sita. Matano ya kwanza ya kila kundi huenda kila moja na lake, na la sita huyakusanya yote matano kwa vipande vifupi. Halafu kundi la mwisho hufanya kazi hiyohiyo kwa makundi yote yaliyotangulia. Huku kwetu, ambako hata daraja la kuvuka Ruvuma kwenda Msumbiji lililofunguliwa mwaka 2010 linaitwa Daraja la Umoja, neno umoja limesemwa sana mpaka limechakaa kidogo masikioni. Nakiri kwamba nilihitaji mtu wa mbali anioneshe, kwa nota tupu bila hotuba, kuwa umoja ni kazi ya kurudi nyuma na kumkusanya kila mmoja uliyempita.

Oppens ameirekodi kazi hii mara mbili: mara ya kwanza mwishoni mwa miaka ya 1970, na mara ya pili katika rekodi iliyotolewa na kampuni ya Cedille ya Chicago mwaka 2015, alipokuwa amekwisha kupita miaka sabini. Ile ya kwanza ilipigwa wakati Pinochet, jenerali wa mapinduzi yale, bado anatawala Chile, na kwa sikio langu ina haraka ya mtu anayeleta habari mlangoni. Hii ya pili ninaisikiliza zaidi. Nota ni zilezile na mpigaji ni yuleyule, ila habari yenyewe imekuwa historia, na mwanamke huyo anaisimulia kama mtu aliyekuwepo.

Kazi iliyonipa taabu kubwa ni ya Elliott Carter, utunzi wa dakika ishirini hivi wa mwaka 1980 kuhusu mawazo yanayompitia mtu aliyekosa usingizi. Wapiga piano wanne, Oppens akiwa mmojawapo, waliuagiza kwa pamoja, kama majirani wanaoshonesha sare moja ya harusi, na yeye ndiye aliyetangulia kuivaa, huko Bath, Uingereza. Kwa wiki mbili sikupata mapigo ya kushika. Siku moja mjomba wangu, ambaye ujanani alipiga ngoma za sindimba huko Newala, alinikuta nikisikiliza. Nilimwamkia, nikampa kiti, naye akaanza kugonga mkono wa kiti kwa kidole. Aligonga, akapotea, akaanza upya, akapotea tena.

"Hapo pana ngoma mbili, mpwa wangu," alisema. "Tena hazingojani."

Baadaye nilisoma jinsi Carter alivyoipanga kazi hiyo: chini yake hupita mapigo ya kasi mbili, 216 dhidi ya 175, na mapigo hayo hukutana karibu na mwanzo, kisha hayakutani tena mpaka mwisho. Mjomba hajui kusoma nota hata moja.

Yupo pia Conlon Nancarrow, Mmarekani aliyehamia Mexico mwaka 1940 na kutumia miaka mingi akitoboa karatasi za piano inayojipiga yenyewe, kwa sababu kasi alizozitaka ziliwashinda binadamu. Oppens ni miongoni mwa waliomrudisha kwenye vidole vya watu. Nancarrow alimwandikia kazi mbili fupi zenye jina la Oppens, na kama kuna heshima inayozidi hiyo kwa mpigaji, mimi siijui.

Jumamosi iliyopita, kabla wanakwaya hawajafika mazoezini, nilijaribu geuzo lile la kwanza la Rzewski. Wimbo niliuweza, kwa taabu na polepole. Geuzo nililianza vizuri pia, nota ya juu, ya katikati, ya juu tena. Halafu mkono wa kushoto ukaifuata nota ya chini, na kidole kikagonga plastiki. Piano ina nota 88, na kinanda chetu kina 61.